Mchezo wa Maneno: Jinsi Kompyuta Moja ya Nyumbani Inavyokaribisha Wachezaji Wengi

Somo la redio kwa watu wazima wa wilaya za Tarime na Serengeti. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa na Afisa Elimu.

Natumaini vikundi vyote vimekwisha kukaa, kutoka Sirari na Nyamwaga hadi Mugumu na Nata, na kwamba kila kikundi kina daftari na kalamu. Nawe unayelisoma somo hili katika karatasi, karibu. Soma polepole, na mahali penye hesabu ifanye mwenyewe kwa mkono wako. Usikubali tu kwa kuwa mimi nimesema.

Leo tutazungumza juu ya mchezo wa kompyuta usio na picha hata moja. Watu ishirini waweza kuucheza pamoja, kila mmoja akiwa mahali pake, na mchezo wenyewe ukakaa ndani ya kompyuta iliyo nyumbani kwako. Labda utauliza, kwa nini somo la watu wazima litumike kwa mchezo? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla ya kwenda mbele.

Mtu aliyejifunza kusoma, akakosa kitu cha kusoma, husahau. Walimu wa watu wazima wamelijua jambo hili tangu zamani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata yakaanzishwa maktaba na magazeti ya vijijini, ili aliyejua kusoma asirudi nyuma. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kwa vikundi mbele ya redio, huku vitabu viko mkononi. Shabaha ilikuwa ni ile ile: kusoma kuwe na kazi ya kufanya.

Sasa mchezo huu nitakaoueleza una sifa moja kubwa. Mchezaji asiposoma hajui yupo wapi, na asipoandika hawezi kupiga hata hatua moja. Hakuna picha ya kumsaidia wala kitufe cha kubonyeza ovyo. Kijana anayeucheza kwa saa moja amesoma na kuandika kwa saa moja, na hakuna aliyemlazimisha.

MCHEZO WENYEWE NI NINI?

Sote tumekua tukisikia mtu akisema "Kitendawili!" na watu wakijibu "Tega!" Hapo hapakuwa na picha, palikuwa na maneno tu, na kila mmoja aliiona nyumba isiyo na mlango ndani ya kichwa chake. Mchezo wa maneno wa kompyuta ni ndugu wa kitendawili na hadithi. Tofauti ni kwamba msimulizi ni kompyuta, na wewe msikilizaji umo ndani ya hadithi, unatembea na kutenda.

Tuchukue mfano. Umewasha simu yako, umeingia katika mchezo, na maandishi haya yanatokea:

"Umesimama juu ya daraja la Kirumi. Chini yako Mto Mara unapita taratibu kuelekea ziwani, na mafunjo yamesongamana pande zote mbili. Barabara inakwenda kaskazini mpaka Tarime na kusini mpaka Musoma. Mzee mmoja ameegemea ukingo wa daraja. Chini pana kikapu."

Wewe unaandika: sema Shikamoo mzee.

Maandishi yanajibu: "Mzee anasema: Marahaba, mwanangu. Je, umeona ng'ombe wawili wakipita hapa?"

Hapo ndipo penye utamu wa mchezo huu. Yule mzee huenda ni wa kubuni, ameandikwa na mtengenezaji wa mchezo. Lakini huenda pia ni mtu hai kabisa, amekaa nyumbani kwake Mugumu na simu mkononi, na hao ng'ombe anawatafuta kweli ndani ya mchezo. Mkiamua kuwatafuta pamoja, mtakwenda pamoja. Yeye akiokota kile kikapu, wewe hukikuti tena, maana dunia ya mchezo ni moja, nanyi nyote mmo ndani yake.

ULITOKA WAPI?

Mchezo wa kwanza wa namna hii wenye jina ulimwenguni ulianzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza. Aliyeuanza ni mwanafunzi aitwaye Roy Trubshaw, kisha mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Waliuita MUD. Kompyuta waliyotumia ilikuwa mali ya chuo, kubwa kama makabati kadhaa yaliyopangwa pamoja, na watu wa nje walipewa nafasi ya kucheza usiku, wakati watumishi na wanafunzi wamelala na mashine haina kazi nyingi.

Bwana Bartle ameeleza baadaye kwamba yeye na mwenzake hawakutaka kuchekesha watu tu. Uingereza ya siku zile ilikuwa nchi ya matabaka. Mtu alipimwa kwa matamshi yake na kwa kazi ya baba yake. Wao walitaka dunia ambayo mtu akiingia hupanda kwa akili na juhudi yake mwenyewe. Katika maandishi haionekani nguo uliyovaa wala nyumba unayolala. Huonekana maneno yako na matendo yako.

Kutoka hapo mbegu ilienea. Mwaka 1989 Bwana Lars Pensjö wa Sweden alitoa programu iliyomwezesha mtu kujitengenezea dunia yake mwenyewe, na muda mfupi baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, wakatoa nyingine iliyokuja kunakiliwa mahali pengi sana. Kazi iliyohitaji mashine ya chuo kizima mwaka 1978, leo hufanywa na kompyuta ndogo inayoenea kwenye kiganja cha mkono. Ndiyo sababu twaweza kuzungumza juu yake hapa kwetu Mara.

KOMPYUTA MWENYEJI NA SANDUKU LA POSTA

Kompyuta inayobeba mchezo tutaiita kompyuta mwenyeji, kwa sababu kazi yake ni ya mwenyeji yeyote: kukaa nyumbani, kusikiliza hodi, na kumhudumia kila mgeni.

Mgeni huipataje? Fikiri juu ya posta. Barua ikitoka Dar es Salaam kuja Tarime, kwanza hutazamwa jina la mji, kisha namba ya sanduku. Mji peke yake hautoshi, wala namba peke yake haitoshi. Kompyuta nazo ni vivyo hivyo. Kila kompyuta iliyo katika mtandao ina anwani yake, ambayo ni namba, na ndani ya anwani hiyo mna masanduku zaidi ya 65,000. Mafundi huyaita milango. Kila programu inayopokea wageni hukaa mlangoni pake: barua pepe ina wake, kurasa za intaneti zina wake. Michezo ya maneno mingi hupenda mlango namba 4000. Basi mchezaji anahitaji vitu viwili tu: anwani ya kompyuta yako, na namba ya mlango.

Ndani ya kompyuta mwenyeji, programu ya mchezo hufanya kazi kama mama lishe mwenye wateja wengi. Huyu amesema "tazama", yule amesema "enda kaskazini", wa tatu amesema "chukua kikapu". Programu huzipokea amri zote, huzitekeleza moja baada ya moja, hubadilisha hali ya dunia yake, kisha humpelekea kila mmoja maandishi yanayomhusu. Kwa kuwa maandishi ni mepesi, mzunguko huo huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, na kila mteja hudhani anahudumiwa peke yake.

HESABU YA BANDO NA YA UMEME

Sasa tufike kwenye fedha, maana mzazi hawezi kukubali jambo asilojua gharama zake.

Kila herufi ya Kiswahili inayosafiri katika mtandao huchukua baiti moja. Chukua jibu la herufi 400, ambalo ni aya nzima. Mchezaji akitoa amri moja kila sekunde 10, atatoa amri 360 kwa saa. Zidisha 360 kwa 400: ni baiti 144,000. Kila ujumbe nao huvikwa bahasha yake yenye anwani, kwenda na kurudi. Ukiongeza bahasha hizo pamoja na amri zenyewe, jumla ni kama kilobaiti 200 kwa saa nzima. Picha moja ya simu ya siku hizi yaweza kuwa na kilobaiti 3,000. Maana yake ni kwamba bando la kutuma picha moja latosha kucheza kwa saa 15.

Kwa upande wa mwenyeji, wachezaji 20 watatumia kilobaiti 4,000 kwa saa, yaani megabaiti 4. Wakicheza saa 3 kila jioni kwa siku 30, ni megabaiti 360. Hilo si jambo la kumfilisi mtu.

Umeme ndio unaohitaji uangalifu, kwa kuwa kompyuta mwenyeji hukaa macho usiku na mchana. Kompyuta ya mezani inayokula wati 100 itamaliza uniti 2.4 kwa siku, na uniti 72 kwa siku 30. Kompyuta mpakato inayokula wati 20 itamaliza uniti 14.4 kwa siku hizo. Kompyuta ndogo kabisa, kama ile iitwayo Raspberry Pi, ikila wati 5 itamaliza uniti 3.6 tu. Chukua bei ya uniti unayolipa kwenye LUKU yako, zidisha, nawe utaona mwenyewe ipi inakufaa. Kwa nyumba nyingi kompyuta mpakato iliyochakaa ndiyo bora, kwa sababu betri yake, kama bado nzima, huishikilia umeme unapokatika.

Umeme ukikatika ghafla, yaliyokuwa katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta hupotea. Kwa hiyo programu nzuri huandika hali ya dunia yake diskini mara kwa mara. Nawe mwenyeji yakupasa kuweka nakala nyingine mahali pengine, kwa mfano kwenye diski ndogo ya kuchomeka, walau mara moja kwa juma.

HATUA YA KWANZA: NYUMBANI BILA INTANETI

Wengi hudhani hakuna kitu bila intaneti. Si kweli. Anza hivi.

Kwanza, tafuta programu ya mchezo. Zipo zitolewazo bure. Mojawapo inaitwa Evennia, nayo imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Utahitaji intaneti siku ile ya kuipakua tu. Ukiisha kuipata, amri tatu zatosha: ya kwanza huunda jalada la mchezo wako, ya pili hutayarisha daftari la kumbukumbu, ya tatu huuwasha mchezo.

Pili, tumia ruta ya waifai. Ruta ikiwa haina bando hata kidogo, bado huunganisha simu na kompyuta zilizo karibu nayo. Huzigawia anwani za nyumbani, ambazo mara nyingi huanza na 192.168. Anwani hizo ni kama majina ya nyumbani: watu wa nyumba hiyo wanayajua, wa nje hawayajui.

Tatu, mwambie mchezaji aliye chumbani aunganishe simu yake na ruta, aandike anwani ya kompyuta yako na namba ya mlango. Ataingia.

Darasa la watu wazima au shule ya sekondari yaweza kukomea hapo hapo na kufaidi sana. Wanafunzi 20 katika chumba kimoja hucheza mchana kutwa bila kununua bando. Kadhalika hakuna mtu wa nje awezaye kuingia, na hilo ni ulinzi mkubwa.

HATUA YA PILI: KUWAFUNGULIA WALIO MBALI

Lakini kikundi cha Mugumu kikitaka kucheza na kikundi cha Tarime, lazima mlango ufunguliwe kwa nje. Hapa wengi hukwama, basi nisikilize vizuri.

Utakumbuka barua za wanafunzi wa bweni. Shule nzima ilikuwa na sanduku moja la posta. Mwanafunzi akiandika barua nyumbani, jibu likirudi lina jina lake na mwalimu anajua ni la nani. Lakini barua ikija kutoka kwa mtu asiyejulikana, haina jina la mwanafunzi, mwalimu ataipeleka kwa nani? Itakaa mezani.

Ruta yako hufanya kazi kama mwalimu huyo. Hodi ikija kutoka nje, haijui ni ya kompyuta gani, kwa hiyo huitupa. Dawa yake ni kuiandikia ruta maagizo: "Kila barua ijayo kwa mlango 4000, mpelekee kompyuta hii." Maagizo hayo huandikwa katika ukurasa wa mipangilio ya ruta, na yeyote anayejua kusoma kwa utulivu ataweza.

Hata hivyo, kwetu huku watu wengi hupata intaneti kwa njia ya minara ya simu, na hapo pana shida ya pili. Anwani za mfumo wa zamani wa intaneti, ambao bado unatumika sana, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Hazitoshi. Kwa hiyo makampuni ya simu mara nyingi huwapa wateja wengi anwani moja ya kushirikiana. Ni kama shule ndani ya shule: hata ukimwagiza mwalimu wako, yuko mwalimu mkuu juu yake ambaye hukumwagiza.

Utajuaje? Tazama katika ruta yako anwani iliyopewa kwa upande wa nje. Ikianza na 10, au na 192.168, au na 100 ikifuatwa na namba kati ya 64 na 127, basi umo katika anwani ya kushirikiana, na maagizo yako kwa ruta hayatafaa kitu. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuiomba kampuni ikuuzie anwani yako mwenyewe isiyobadilika. Ya pili ni kukodi kompyuta ndogo iliyo mahali pengine, yenye anwani ya wazi. Kompyuta yako ya nyumbani ndiyo hupiga simu kwenda kule na kushikilia laini. Wageni hubisha hodi kule, nao huletwa kwako kwa njia ile ile. Barua ya jibu, kama tulivyoona, haizuiwi na mwalimu.

Je, kukodi kompyuta Ulaya hakutachelewesha maneno? Kidogo tu. Tangu mwaka 2009, nyaya za baharini zilipofika Dar es Salaam, maneno yetu husafiri kwa mwanga ndani ya kioo, kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari ya kilomita 10,000 kwenda na 10,000 kurudi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mchezo wa mbio za magari ungeumia; mchezo wa maneno hausikii.

KISWAHILI NA NGELI ZAKE

Programu nyingi za michezo hii zimetungwa na watu wa Ulaya na Marekani, kwa Kiingereza. Ukizitafsiri neno kwa neno, utapata aibu. Katika Kiingereza mtengenezaji huandika mara moja tu kwamba kitu fulani "kimeanguka", kisha kompyuta hubandika jina la kitu chochote. Sisi hatuwezi. Kisu chako kimeanguka, shoka lako limeanguka, mkuki wako umeanguka, ng'ombe wako ameanguka. Kompyuta isiyofundishwa itasema "ng'ombe wako kimeanguka", na watoto wataizoea lugha hiyo mbovu.

Dawa si ngumu. Kila kitu unachokiweka katika mchezo, andika pamoja nacho ngeli yake, na uipe programu jedwali dogo la viambishi. Amri nazo zitengenezwe kwa mazoea yetu. Mmoja ataandika "chukua", mwingine "nachukua", mwingine "okota". Zote zielekezwe kwenye kitendo kimoja. Ukipenda, weka pia majina ya Kikurya, ya Kiikoma au ya Kingoreme, ili mzee akiliandika jina la kitu kama analijua yeye, mchezo umwelewe.

Kazi hii yafaa ifanywe na kikundi, wala si na fundi peke yake. Fundi ataiwasha kompyuta, lakini nani anajua jinsi soko linavyosikika asubuhi ya siku ya mnada, au mahali nyumbu wanapovukia mto? Kila mwanakikundi aandike chumba kimoja cha mchezo: mistari mitano ya maelezo, njia za kutokea, na vitu vilivyomo. Vyumba 30 vikiunganishwa ni wilaya nzima, na kila mwandishi atasomwa na wenzake. Hiyo ni insha yenye wasomaji, jambo ambalo darasani ni adimu.

Tena usimsahau asiyeona. Zipo programu za simu na za kompyuta zinazosoma maandishi kwa sauti. Kwa kuwa mchezo huu wote ni maandishi, mtu kipofu hupokea yale yale anayopokea mwenye macho, wala hapungukiwi. Katika nchi nyingine wasioona wamekuwa miongoni mwa wachezaji wake wa miaka mingi.

MWENYEJI ANA WAJIBU

Sasa nakuja kwenye jambo zito kuliko yote. Ukiwakaribisha watu nyumbani kwako, linalowapata humo lakuhusu.

Mwaka 1990 Bwana Pavel Curtis, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, alianzisha dunia ya maneno iitwayo LambdaMOO. Watu wengi walihamia humo, wakajenga vyumba vyao. Wasimamizi walichoka kuamua ugomvi, na mwishoni mwa mwaka 1992 wakatangaza kuwa mambo ya jamii wayaamue wachezaji wenyewe. Baada ya miezi michache, mwaka 1993, mchezaji mmoja alitumia ufundi wa mchezo kuwaandikia wenzake mambo machafu ya kuwadhalilisha mbele ya wote, kana kwamba wametenda wao. Mmoja wa walioumizwa alilia kweli, ingawa hakuna aliyeguswa mwili. Watu walikutana, wakabishana kwa muda mrefu kama afukuzwe au la, wasifikie uamuzi. Mwishowe msimamizi mmoja akamfuta kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye Bwana Curtis aliweka utaratibu wa kupiga kura.

Sisi watu wa Tarime tunalijua ritongo. Tunajua kwamba kikao kisicho na utaratibu huishia katika kelele, na kwamba uamuzi wa mtu mmoja, hata ukiwa sawa, huacha manung'uniko. Basi kabla ya kufungua mlango, kikundi chako kikubaliane na kuandika: maneno gani hayaruhusiwi, nani hupokea malalamiko, adhabu ni ipi, na nani aweza kuibatilisha. Watoto wawe na saa zao na mtu mzima awepo. Na kwa hali yoyote mchezo usitumiwe kuchochea ugomvi wa koo na koo au wa mipaka. Huku kwetu hayo si mambo ya kuchezea.

Yako pia mambo ya ufundi. Njia ya zamani ya kuingilia michezo hii, iitwayo Telnet, hupeleka kila kitu wazi kama kadi ya posta isiyo na bahasha. Anayechungulia njiani aweza kulisoma neno la siri. Kwa hiyo waambie wachezaji wasitumie kamwe neno la siri la barua pepe wala namba ya siri ya fedha za simu, au wafungulie njia iliyofichwa, kama ile ya kurasa za intaneti zenye kufuli. Fungua mlango mmoja tu, ile mingine ifungwe. Programu ya mchezo iendeshwe kwa jina la mtumiaji wa kawaida, wala si la mkuu wa kompyuta, ili mwizi akiingia asipate funguo za nyumba nzima.

Mwisho, usikusanye habari za watu usizozihitaji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jina la kubuni na neno la siri latosha kumwingiza mtu katika mchezo. Namba ya simu, kijiji na umri kamili vya nini? Usichonacho hakiwezi kuibwa kwako.

MASWALI YA KIKUNDI

Kiongozi wa kikundi asome maswali haya polepole, na majibu yaandikwe daftarini.

1. Kompyuta mpakato yenu ikila wati 30 usiku na mchana, itamaliza uniti ngapi kwa siku 30? Kwa bei mnayolipa, ni shilingi ngapi?

2. Kwa nini barua ya jibu humfikia mwanafunzi wa bweni, lakini barua ya mgeni isiyo na jina haimfikii? Eleza jambo hilo kwa kutumia ruta.

3. Kila mmoja aandike mistari mitano juu ya mahali pamoja anapopajua vizuri katika wilaya yake, kisha aorodheshe vitu vitatu vilivyopo na ngeli ya kila kimoja.

4. Mchezaji mmoja amemtukana mwenzake kwa ukoo wake. Mwenyeji wa kompyuta ni ndugu yake yule aliyetukana. Nani aamue, na kwa utaratibu gani? Msiende nyumbani kabla ya kuafikiana.

Swali la nne lisiachwe kwa sababu ya saa. Kompyuta mtaipata, na mlango utafunguka kwa amri tatu. Lakini kikundi kilichoshindwa kulijibu swali hilo kikae kwanza na mchezo wa chumbani, mpaka kitakapoweza.

Katika somo lijalo tutatazama jinsi ya kuandika chumba cha mchezo chenye njia nne, na jinsi ya kuifundisha kompyuta jedwali la ngeli. Njooni na zile insha za mistari mitano. Kwa herini.